Mazoea ya ofisi si sheria: Tujifunze kutafuta hukumu za kodi

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumishi wa umma na walimu katika semina ya sheria za kodi.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kutafuta hukumu za mahakama zinazohusu kodi. Najua wako miongoni mwetu watakaosema kwamba jambo hili ni la mawakili na majaji, na kwamba sisi tunaoshika hesabu za shule, za halmashauri na za vyama vya ushirika tunatosheka kuwa na kitabu cha sheria na waraka wa ofisi. Nia ya mazungumzo yangu ni kuonyesha kwamba fikra hiyo ina makosa, na kwamba makosa hayo hulipwa kwa fedha za wananchi.

Nitaanza na mfano. Mfano huu ni wa kubuni, lakini swali lililomo ndani yake ni la kweli na limekwisha kufika mbele ya mahakama zetu.

Tuseme kiko chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Mtambo wao wa kuchambua pamba umeharibika, na fundi anayeufahamu yuko Uingereza. Fundi huyo hakuja hapa nchini. Alipelekewa picha na vipimo, akakaa ofisini kwake akachora marekebisho, akawaelekeza mafundi wetu kwa simu, na mtambo ukafanya kazi. Baada ya hapo akaleta hati ya madai ya shilingi milioni 40. Mhasibu wa chama, mtu mwaminifu na mwenye bidii, alifungua Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Akaona kwamba malipo ya huduma kwa mtu asiye mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, ikiwa chanzo cha malipo hayo ni Jamhuri ya Muungano. Akasoma zaidi, akakuta maneno yanayohusu huduma iliyotolewa katika Jamhuri ya Muungano. Akajiuliza: je, fundi huyu ametoa huduma yake hapa? Akajijibu kwamba hapana, kwani hakukanyaga ardhi yetu hata siku moja. Akalipa milioni 40 zote, akafunga jalada.

Ndugu zangu, mhasibu huyo hakuiba hata senti moja. Lakini amekiingiza chama katika deni la shilingi milioni 6, ambazo ndizo asilimia 15 ya malipo yale, pamoja na riba itakayoongezeka kadiri siku zinavyokwenda. Anayepaswa kuzuia kodi asipoizuia, deni humwandama yeye mwenyewe. Wakaguzi watakapofika hawatapanda ndege kumfuata fundi Uingereza. Watakuja kwenye chama, na fedha zitatoka katika mfuko wa wakulima waliopalilia pamba ile kwa jembe la mkono.

Alikosea wapi? Sheria aliisoma, na aliisoma kwa uangalifu. Kosa lake ni kwamba aliishia hapo.

Sheria na hukumu ni ndugu wawili

Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua rufani baina ya kampuni ya Tullow Tanzania BV na Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato. Kampuni hiyo ilikuwa ikishughulika na utafutaji wa mafuta na gesi, na iliwalipa watoa huduma wasio wakazi kwa kazi iliyofanyiwa nje ya nchi. Hoja yake ilikuwa ile ile ya mhasibu wetu: huduma haikutolewa Tanzania, kwa sababu walioifanya hawakuwa Tanzania. Mahakama haikukubaliana nayo. Ilieleza kwamba kutoa huduma ni kumfikishia mtu mwingine. Kwa hiyo haitoshi kutazama mahali alipoketi mtoaji, bali ni lazima kumtazama pia anayepokea na kuitumia. Mpokeaji akiwa Tanzania, na malipo yakitoka kwake, basi chanzo cha malipo hayo ni Tanzania na kodi ya zuio inadaiwa. Msimamo huo umefuatwa tena katika rufani nyingine zilizokuja baadaye.

Tazameni basi. Neno moja, nalo ni “kutoa”, lina maana moja kwa mtu anayelisoma peke yake chini ya taa ya ofisi yake, na lina maana nyingine baada ya kupita mbele ya majaji. Maana ya pili ndiyo inayotufunga sote. Sheria huandikwa na Bunge, lakini Bunge haliwezi kuyaona kabla mambo yote yatakayotokea. Maneno ya sheria yanapokutana na jambo lisilotazamiwa, mahakama ndiyo inayosema maneno hayo yana maana gani. Anayeijua sheria bila hukumu zake ameijua nusu tu.

Wala nisieleweke kwamba hukumu ni silaha ya mtoza kodi peke yake. Ibara ya 138 ya Katiba yetu inasema kwamba haitatozwa kodi ya aina yoyote isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Maana yake ni kwamba ofisa anayemdai mwananchi hata shilingi moja lazima aweze kuonyesha mahali sheria inapompa uwezo huo. Na mwananchi anayeona ametozwa isivyo halali anayo njia ya kupinga. Lakini njia hiyo ina muda wake. Pingamizi dhidi ya makadirio ya kodi hutakiwa kumfikia Kamishna ndani ya siku 30. Aidha, mlipakodi hutakiwa kwanza alipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi asichokibishia, chochote kitakachokuwa kikubwa zaidi, ila kama Kamishna ameridhika na sababu za kumpunguzia au kumwondolea sharti hilo. Mtu asiyejua pa kuanzia kutafuta anaweza kuzimaliza siku zote 30 akiuliza mlango hadi mlango. Ndiyo maana nasema ujuzi huu ni haki ya mnyonge kama ulivyo wajibu wa ofisa.

Ijulikane njia inayopitwa na kesi za kodi

Anayetafuta maji lazima ajue mto unapita wapi. Watu wengi huanza kutafuta kesi za kodi katika hukumu za Mahakama Kuu, wakakuta chache, wakakata tamaa. Sababu ni kwamba mgogoro wa kawaida wa kodi, chini ya Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, iliyotungwa mwaka 2000, haupiti huko. Mlipakodi asiyeridhika na uamuzi wa Kamishna hukata rufani kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Asiyeridhika na Bodi huenda kwenye Baraza la Rufani za Kodi, ambalo mwenyekiti wake ni Jaji wa Mahakama Kuu. Kutoka Barazani rufani huenda moja kwa moja Mahakama ya Rufani.

Hapa pana jambo la kutiliwa maanani sana. Rufani inayokwenda Mahakama ya Rufani ni ile inayohusu hoja ya sheria tu, wala si ubishi juu ya ukweli wa mambo. Katika rufani ya Atlas Copco Tanzania, Na. 167 ya mwaka 2019, Mahakama ilieleza nini maana ya hoja ya sheria, na maelezo hayo yamekuwa yakirejewa mara kwa mara. Kwa mtafutaji, maana yake ni hii: kama swali lako ni juu ya maana ya maneno ya kifungu, anza juu, Mahakama ya Rufani. Lakini kama swali lako ni juu ya ushahidi, mathalani ni vitabu gani vya hesabu au stakabadhi zipi zilizotosha kumridhisha mwamuzi, basi shuka kwenye maamuzi ya Baraza na ya Bodi, maana huko ndiko ushahidi unakopimwa. Na tukumbuke kwamba katika rufani hizi mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yana kosa ni wa mlipakodi mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika Bodi ya Rufani za Kodi maneno hayo si mapambo.

Pia lazima tujue uzito wa kila uamuzi. Mwaka 1988, katika shauri baina ya Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, yaani JUWATA, na Kiwanda cha Uchapishaji cha Taifa, KIUTA, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba mahakama na mabaraza yote yaliyo chini yake yanafungwa na maamuzi yake, hata kama wa chini anaona uamuzi huo si sahihi. Shauri hilo halikuwa la kodi, lakini kanuni yake inatawala kesi za kodi vile vile. Kwa hiyo uamuzi wa Bodi unaokupendeza hauna nguvu ukisimama mbele ya hukumu ya Mahakama ya Rufani inayosema kinyume. Hukumu za Kenya, Uganda au Uingereza zinaweza kutusaidia kufikiri, hasa pale ambapo sheria zao zinafanana na zetu, lakini hazitufungi.

Mahali pa kutafuta

Zamani kazi hii ilikuwa ngumu kweli kweli. Ripoti za kesi za Afrika Mashariki zilizoanza mwaka 1957, na ripoti za sheria za Tanzania zilizofuata baadaye, zilipatikana katika maktaba chache, na mtumishi wa wilayani alihitaji nauli na ruhusa ili kuzifikia. Siku hizi hukumu nyingi zinapatikana bila malipo katika tovuti ya TanzLII, ambayo ni ya Mahakama ya Tanzania. Mwalimu aliye mbali na mji, akiwa na simu na mtandao, anaweza kusoma hukumu ya Mahakama ya Rufani kama anavyoisoma wakili wa Dar es Salaam. Haya ni maendeleo makubwa, na itakuwa aibu kwetu tusipoyatumia. Hata hivyo vitabu havijapitwa na wakati, kwani si kila uamuzi wa zamani umeingizwa katika tovuti.

Wapo wanaofungua tovuti hiyo, wakaandika neno “kodi”, wakaletewa mamia ya hukumu, wakaifunga. Wengine huandika jina la Kamishna Mkuu. Hao nao hawatafika mbali, maana Kamishna Mkuu yumo karibu katika kila kesi ya kodi, ama akiwa mrufani ama mjibu rufani. Kwa hiyo nitaeleza utaratibu ambao naamini unaweza kufuatwa na mtu yeyote mwenye subira.

Jambo la kwanza ni kuandika swali lako kwa sentensi moja kabla hujafungua chochote. Usiandike “kodi ya zuio”. Andika: “Je, huduma iliyofanywa nje ya nchi na mtu asiye mkazi, kwa ajili ya chama kilichoko Tanzania, imetolewa Tanzania?” Swali likiwa wazi, nusu ya kazi imekwisha.

La pili ni kutafuta kifungu cha sheria kinachogusa swali hilo, kisha kuzitafuta hukumu kwa kutumia namba ya kifungu na jina la sheria. Majaji huwa wanataja vifungu, na kwa hiyo namba ya kifungu ni ufunguo mzuri kuliko neno la jumla. Lakini hapa jihadharini. Tulikuwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 1973, ikaja ya mwaka 2004. Ilipotungwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, baadhi ya mambo yaliyokuwa katika sheria nyingine yalihamia humo. Aidha, sheria zetu hutolewa upya katika matoleo ya urekebu, kama lile la mwaka 2002, la 2019 na la 2023, na namba za vifungu huweza kubadilika. Hukumu ya zamani inaweza kutaja kifungu ambacho leo kina namba nyingine, au kimeandikwa kwa maneno mengine. Linganisheni maneno ya kifungu, msilinganishe namba peke yake.

La tatu ni lugha. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya sheria na ya mahakama, jambo ambalo kila mzalendo alilifurahia. Lakini hukumu za kodi zilizokusanyika kwa miaka mingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo mtafutaji hana budi kutafuta kwa lugha zote mbili, na kwa Kiingereza atumie maneno yale yale yaliyomo katika sheria, si tafsiri yake mwenyewe. Walimu wana kazi kubwa hapa: kuzisoma hukumu hizo na kuzieleza kwa Kiswahili safi ili ujuzi usibaki kwa wachache.

La nne ni majina. Kampuni hubadili majina kama watu wanavyobadili makazi. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliamua rufani ya African Barrick Gold dhidi ya Kamishna Mkuu. Swali mojawapo lilikuwa kama kampuni iliyoandikishwa Uingereza inaweza kuhesabiwa kuwa mkazi wa Tanzania kwa mambo ya kodi, na kampuni ilishindwa. Lakini kampuni hiyo ilikwisha badili jina na kuitwa Acacia tangu mwaka 2014. Anayetafuta kwa jina jipya peke yake anaweza kuikosa hukumu hii kubwa, na anayetafuta kwa jina la zamani peke yake anaweza kuyakosa mengine.

La tano ni kufuata nyayo. Hukumu moja nzuri ikipatikana, itazame imetaja hukumu zipi zilizotangulia, uzisome hizo. Kisha ugeuke utazame mbele: ni hukumu zipi za baadaye zilizoitaja hiyo, na zimesema nini juu yake? Zimeifuata, zimeitenga, au zimeikataa? Halafu uliza swali la mwisho: je, Bunge limekibadili kifungu tangu siku ile? Kila mwaka Sheria ya Fedha hurekebisha sheria za kodi. Hukumu inaweza kuwa sahihi siku iliyotolewa na ikawa haina kazi leo, kwa sababu maneno iliyoyafasiri yamekwisha futwa.

Isomwe hukumu nzima

Ndugu Mwenyekiti, nikiruhusiwa kusisitiza jambo moja tu, nitasisitiza hili: hukumu isomwe nzima, na isomwe na yule anayeitegemea.

Iko hukumu mashuhuri ya Uingereza ya mwaka 1921, ya Cape Brandy Syndicate, ambayo hurejewa katika kesi za kodi kila mahali palipofika sheria ya Kiingereza, na hapa kwetu pia. Ndani yake Jaji Rowlatt alieleza kwamba katika sheria ya kodi mtu atazame kile kilichosemwa waziwazi, asidhanie jambo ambalo halikuandikwa. Walipakodi hupenda sana kuyataja maneno hayo. Lakini ni wangapi kati ya wanaoyataja wanajua kwamba katika shauri lile lile mlipakodi alishindwa? Wafanyabiashara wale waliokuwa wamenunua mvinyo mkali kutoka Afrika Kusini, wakauchanganya na kuuuza kwa faida, waliambiwa kwamba walichofanya ni biashara na faida yake inatozwa kodi. Maneno mazuri yaliyochomolewa katika hukumu yanaweza kumdanganya aliyeyachomoa.

Hali kadhalika iko hukumu ya Duke wa Westminster, iliyochapishwa katika ripoti za mwaka 1936. Humo ilielezwa kwamba mtu ana haki ya kupanga mambo yake ili kodi yake iwe ndogo, maadamu hakuvunja sheria. Wapo wanaoitumia hukumu hiyo kama kinga ya kila ujanja. Lakini mahakama za Uingereza zenyewe ziliipunguza nguvu katika kesi ya Ramsay, mwaka 1981, zilipokataa mpango uliotungwa hatua kwa hatua kwa shabaha ya kukwepa kodi tu. Na sheria zetu zinampa Kamishna uwezo wa kuurekebisha mpango uliofanywa kwa ajili ya kuepa kodi. Anayemtegemea Duke peke yake anategemea mti uliokwisha kukatwa matawi.

Siku hizi imezuka hatari nyingine. Kuna programu za kompyuta zinazojibu maswali kwa ufasaha mkubwa, na baadhi ya watu huziomba ziwatafutie kesi. Mwaka 2023, huko Uingereza, mlipakodi mmoja aliyekuwa akipinga adhabu ya kodi alipeleka mbele ya baraza la kodi orodha ya kesi tisa zilizomuunga mkono. Baraza lilipozitafuta halikuona hata moja. Zilikuwa zimebuniwa na programu ya namna hiyo, zikiwa na majina na tarehe kama kesi za kweli. Baraza lilikubali kwamba mlipakodi hakujua kuwa ni za uongo, lakini rufani yake ilishindwa. Sisemi programu hizo zisiguswe. Nasema kwamba kesi ambayo hukuiona kwa macho yako mahali inapohifadhiwa rasmi, ihesabu kuwa haipo mpaka utakapoiona.

Kazi iliyo mbele yetu

Ndugu zangu, turudi kwa mhasibu wetu wa chama cha ushirika. Angekuwa na ujuzi huu angefanya nini? Angeandika swali lake. Angekitafuta kifungu. Angefungua hukumu za Mahakama ya Rufani kwa kifungu hicho, na angekutana na hukumu ya Tullow. Angeisoma yote, angetazama kama imefuatwa au imekataliwa, na angehakikisha kama maneno ya kifungu bado ni yale yale. Pengine kazi hiyo ingemchukua siku moja, au mbili. Kisha, kabla ya kulipa, angemwambia fundi kwamba sheria inataka shilingi milioni 6 zizuiwe, angezipeleka panapohusika, na angeweka nakala ya hukumu ndani ya jalada pamoja na maelezo ya nusu ukurasa. Mkaguzi angefika na kuondoka, na mkulima asingejua hata kwamba kulikuwa na hatari.

Nataka niseme wazi pia juu ya upande wetu sisi tunaotoza. Yako maofisi ambamo jibu la kila swali ni “ndivyo tunavyofanya siku zote”. Mazoea ya ofisi si sheria. Ofisa anayemtoza mwananchi kwa mazoea, huku hukumu ya Mahakama ya Rufani inasema vingine, anaitia Serikali aibu na gharama, na anapanda chuki mahali ambapo pangekuwa na hiari. Mwananchi akionyeshwa kifungu na hukumu, hata akinung'unika, ataondoka akijua kwamba amedaiwa na sheria, wala si na mtu. Na kodi inayodaiwa na sheria ndiyo inayojenga madarasa, zahanati na barabara kwa heshima.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yasiyohitaji fedha nyingi. Kwanza, kila ofisi ya hesabu iwe na daftari la hukumu. Kila hukumu inayosomwa iandikwe humo: majina ya wadaawa, namba na mwaka wa shauri, mahakama iliyoamua, swali lililoulizwa, jibu lililotolewa, na tarehe ambayo mara ya mwisho ilihakikiwa kuwa ingali hai. Mtumishi akihamishwa, daftari libaki. Pili, walimu wa biashara, wa uraia na wa sheria wawape wanafunzi hukumu nzima kuisoma, hata kama ni moja kwa muhula, badala ya muhtasari wa mistari mitano. Mwanafunzi aliyeisoma hukumu moja hadi mwisho hataiogopa ya pili. Tatu, tuulizane. Mwenye kuuliza si mjinga. Mjinga ni yule anayetia sahihi jambo asilolijua.

Hukumu hizi zilitolewa kwa ajili yetu. Majaji walikesha wakizipima, wadaawa walitumia mali na miaka yao kuzipata, na sasa zimewekwa mahali ambapo kila mmoja wetu anaweza kuzifikia. Zitakuwa na faida gani zikibaki bila kusomwa, wakati mhasibu mwaminifu anakiingiza chama chake katika deni, na mjane mwenye duka dogo analipa asichodaiwa kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha?